Tupeane uzoefu: kusafisha nguo za mtumba na kuzikinga na nondo

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninauza masweta na makoti ya mtumba mjini Njombe, ambako baridi ya Juni na Julai humfanya kila mtu atafute sufu halisi. Malalamiko ninayoyasikia sana kwa wateja hayahusu rangi wala bei, bali matundu. Sweta lilinunuliwa likiwa zima, likavaliwa msimu mzima, likakunjwa bila kufuliwa na kutiwa sandukuni joto lilipoanza; lilipotolewa mwaka uliofuata, likakutwa limetoboka kwapani na kwenye kola. Sehemu hizo zinaeleza mengi, kwa sababu ndizo zinazobeba jasho. Nondo mwenyewe anayeruka hali nguo. Anayekula ni kiwavi wake, mweupe, asiyefikia sentimita mbili, ambaye chakula chake kimo katika sufu, manyoya na hariri. Pamba na nailoni tupu hazimfai, ingawa huzitafuna zikiwa na jasho au mabaki ya chakula.

Ndiyo maana ninaamini kwamba kinga huanzia kwenye beseni kabla ya kufika kabatini. Robota likifunguliwa, vazi la sufu silichanganyi na mengine mpaka niligeuze ndani nje na kupitisha kidole kwenye mishono, chini ya kola na ndani ya mifuko. Nikikuta utando mwembamba, au chembe ndogo kama mchanga zenye rangi ileile ya sweta, najua kwamba viwavi wamekula hapo, kwani kinyesi chao hufuata rangi ya kitambaa walichokula. Vazi la namna hiyo hulitenga siku hiyohiyo. Naomba nanyi mtueleze mnafuaje na mnahifadhi vipi.

Dobi, Arusha

Nashukuru kwa mada hii. Kinachonisikitisha ni imani kwamba mtumba hautakati bila maji ya moto na dawa ya kuondoa madoa. Kwa shuka na fulana za pamba sina pingamizi: maji ya moto, sabuni ya unga, jua kali, kisha pasi. Lakini sufu ikipekechwa katika maji ya moto, nyuzi zake hushikamana na sweta la mtu mzima hubaki kumtosha mtoto. Dawa yenye klorini ni mbaya zaidi, kwa kuwa huila sufu yenyewe. Niliwahi kuletewa koti zuri la kijivu ambalo lilimwagiwa dawa hiyo kifuani, na doa lilipotoka, kitambaa nacho kilikuwa laini na chenye utelezi, kikachanika nilipokigusa.

Mimi hutumia maji ya uvuguvugu na shampuu ya nywele, kwa kuwa sufu nayo ni nywele. Hulikandamiza vazi polepole bila kulikamua kwa kulisokota, nikalisuuza, nikalikunja ndani ya taulo kavu ili linyonye maji, kisha nikalilaza mezani kivulini, maana likitundikwa likiwa na maji hurefuka na kupoteza umbo. Harufu ya robota huiondoa kwa siki kidogo katika maji ya mwisho, na zaidi kwa kuliacha vazi lipigwe na upepo.

Mwenye duka la vinywaji, Iringa

Koti lenye bitana na mabega ya kushonewa haliwezi kutiwa majini. Langu hulifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikautoa hewa, nikaliweka kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Mayai na viwavi hufa. Likitolewa, mfuko usifunguliwe hadi baridi iishe, ili unyevu ubaki nje ya plastiki usiingie kwenye kitambaa.

Muuguzi, Mwanza

Naomba niongeze jambo ambalo naliona ni zito kuliko matundu. Watu wengi hutupia vidonge vyeupe vya naftalini katikati ya nguo, zikiwamo nguo na mablanketi ya watoto wachanga. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, hali iliyo ya kawaida katika maeneo yenye historia ya malaria, anaweza kuharibikiwa chembe nyekundu za damu kwa kuvalishwa nguo iliyokaa na vidonge hivyo, akapata manjano makali na kuishiwa damu. Huwezi kumtambua mtoto huyo kwa macho. Nawasihi wazazi wasivitumie kabisa kwenye nguo za mtoto, na wasiviache mahali ambapo mtoto atavidhani ni peremende.

Mama wa nyumbani, Unguja

Kwetu nguo hufukizwa udi na huwekewa karafuu kabatini. Napenda harufu yake, na sitaiacha. Hata hivyo, joho la sufu la marehemu babu lilitobolewa humohumo ndani ya harufu nzuri. Je, mjomba wa Njombe, kasoro ilikuwa wapi?

Mwanzisha mada

Shikamoo, mama. Harufu inaweza kumfukuza nondo anayetafuta mahali pa kutaga, lakini yai likishakuwa ndani ya mshono, udi na karafuu haziliui. Nondo jike mmoja hutaga mayai kati ya 40 na 50, na kiwavi hupenda giza lisilosumbuliwa, jambo ambalo joho linalovaliwa kwa nadra humpatia bila shida. Lisafishwe kwanza, lipigwe brashi kwenye mishono, ndipo lifungwe ndani ya mfuko usiopitisha mdudu. Kila mwezi litolewe, likung'utwe na lianikwe juani kwa muda mfupi. Kabati nalo lifutwe pembeni na chini ya droo, kwa maana nywele na vumbi vilivyojikusanya huko huwalisha viwavi hata nguo zikiwa safi.

Nimesikia pia habari za majani makavu ya mwarobaini. Aliyeyatumia kwenye sufu kwa zaidi ya msimu mmoja atueleze alichokiona.