Leza ya uso: mliofanya hapa Mombasa, tupeane uzoefu

Binti Mtongwe
Assalamu alaykum wajameni. Jana kwenye feri kulikuwa na mtoto amepakatwa na mamake mbele yangu. Akaninyooshea kidole shavuni: "Mama, mbona huyu katobolewa?" Mamake akamfinya, mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani nikajitazama kwenye kioo mpaka stima ikapotea.
Ni makovu ya chunusi, tangu nikiwa kidato cha pili. Vishimo, si madoa, madoa yalishatoka. Kuna mahali Nyali wameniambia leza mara 3, shilingi 25,000 kila mara. Nina miaka 31, mimi ni mweusi hasa, na nauza simu Mwembe Tayari. Aliyefanya aniambie ukweli. Asiyefanya anyamaze.

Mzee wa Kibokoni
Sijafanya na sinyamazi. Liwa ipo, manjano yapo. Mama zetu waliolewa na nyuso kama mwezi na hawakujua leza ni kitu gani.

Kahawa Chungu
Liwa haijazi shimo, mzee.

Nyota ya Kisauni
Nilikuwa nimeapa sitaisema hii hadithi, lakini huyo mtoto wa feri amenikumbusha.
Ilikuwa kaskazi, mwezi wa pili. Harusi ya mdogo wangu ilibakia wiki 3. Nikapanda ghorofa fulani, mlango wa kwanza wasuka nywele, mlango wa pili leza. Hapo peke yake ningeshuka ngazi. Nikapakwa dawa ya ganzi, nikafungwa nailoni uso mzima nusu saa kama unga wa chapati uliolazwa. Nikavishwa miwani ya chuma, kisha ikaanza: ta-ta-ta-ta, kama mbegu za haradali kwenye mafuta moto, na harufu ya nywele zinazoungua. Hakuna aliyeniuliza kama huwa natokwa na vidonda vya homa mdomoni. Hakuna aliyejaribu hata kipande kidogo chini ya taya. Msichana alinitazama rangi yangu, akatazama mashine, akaendelea.
Siku ya pili mato yamevimba, ngozi yote vitone vitone, utadhani nimelalia chekeche. Hilo ni kawaida, niliambiwa. Siku ya 5 magamba yameanza kutoka, mama akanituma Marikiti kununua iliki na zafarani kwa sababu kila mtu ana shughuli. Saa saba ya mchana. Nilivaa ninja nikasema jua litanifikia wapi. Joto la ndani ya kile kitambaa, jasho linashuka kwenye ngozi mbichi, wallahi nililia mbele ya muuza viungo akadhani nalilia bei.
Halafu kidonda cha homa kikatokea mdomoni, kikapanda shavuni. Na kilipokauka, uso ukaanza kuwa mweusi. Si mweusi wangu. Mraba mraba, kila mashine ilipokanyaga, kama sakafu ya vigae. Siku ya kupamba, mpambaji alinipaka tabaka mbili, akaweka sponji chini, akaniambia, "Dada, hebu kakae upande wa jikoni kwanza."
Sipo kwenye picha hata moja ya ile harusi. Nimepakua biriani mpaka mwisho.

Salma Tudor
Pole sana shoga. Mimi pia ni kile kile, ila yangu ilikuwa paji la uso tu.

Kondakta 001
Dada Nyota, na mdogo wako alisemaje?

Nyota ya Kisauni
Alinuna miezi miwili. Alisema nilitaka kumpita kwa uzuri siku yake, Mungu akanionyesha.

Kondakta 001
Loh!

Kahawa Chungu
Huyo mdogo wako ana roho gani? Mmepatana?

Salma Tudor
Na mpambaji naye alilipwa? Mimi ningemdai pesa zangu.

Binti Mtongwe
Jamani, mada ni uso wangu.

Mwana Baghani
Mimi nilifanya kwa daktari wa ngozi Nairobi, leza ya kaboni dioksidi ya vitone, mara 2. Wiki moja ndani ya nyumba, wekundu wa mwezi mmoja, na sasa vishimo vimepungua sana. Tusitishane. Tatizo ni kupenda rahisi.

Kahawa Chungu
Mwana Baghani nakujua kwa picha yako hapo pembeni. Weye maji ya kunde, dada wa watu kasema mweusi hasa. Usimpimie kwa pishi lako.

Mwana Baghani
Sasa rangi yangu imekuwa kosa? Nilimlipa daktari, sikununua ngozi.

Nesi Mstaafu
Muacheni, lakini Kahawa ana hoja ndani ya ule ukali wake. Daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani ndiye aliyeanzisha mwaka 1975 kugawa ngozi kwa jinsi inavyopokea jua. Leo makundi ni 6, la 6 ndilo jeusi zaidi, na sisi wengi wa Pwani tumo la 4 mpaka la 6. Leza ya kaboni dioksidi hupasha moto maji yaliyo ndani ya ngozi mpaka yakawa mvuke, na ngozi huanza kujijenga upya chini. Ile ya vitone huacha ngozi nzima kati ya tundu na tundu, ndiyo maana hupona haraka kuliko ya zamani iliyochuna uso wote. Lakini joto ni joto. Ngozi yetu ikichomwa hujibu kwa kutoa weusi, na hata maji ya kunde hupata. Anayejua kazi hupunguza nguvu, hutawanya vitone viwe mbali mbali, huongeza idadi ya safari. Na hujaribu kipande kidogo kwanza, akasubiri wiki kadhaa.
Binti, hivyo vishimo ni vya aina gani? Vyembamba virefu kama tundu la sindano, leza haifiki chini yake, hutiwa tone la asidi. Vipana vyenye mawimbi vimevutwa na nyuzi kutoka chini, daktari huzikata kwa sindano. Ukiuziwa leza tu kabla mtu hajakushika shavu mwangani, jua umeuziwa mashine.

Binti Mtongwe
Nina vya mawimbi zaidi. Hakunishika shavu, nilijibiwa kwa simu.

Asiye na Jina 7
Swali la pembeni. Napaka mkorogo kidogo, wa kwenye kopo la kijani. Naweza kufanya leza?

Nesi Mstaafu
Acha leo, na mwambie daktari bila haya. Mikorogo mingi ina steroidi, dawa inayokondesha ngozi nawe hujui. Mingine ina zebaki, ambayo hairuhusiwi kwenye vipodozi Kenya. Na wewe mwenye vidonda vya homa, unapewa vidonge vya asaiklova kabla ya leza, si baada ya uso kuoza. Na aliyemeza isotretinoini ya chunusi miezi ya karibuni, aseme. Na mwenye keloidi, yale makovu yanayofura, aseme mara mbili.

Mzee wa Kibokoni
Na leza ni kubadilisha umbile la Mungu.

Ustadhi wa Majengo
Mzee, kutibu kovu na kubadilisha umbile si kitu kimoja. Lakini usinisikize mimi, muulize sheikh wako, na si hapa.

Kondakta 001
Mimi nilifanya sindano ndogo ndogo, zile za kuviringisha. Bei nafuu, nilitoka mwekundu siku 3 kama nyanya. Abiria wakaniuliza kama nimepigana. Weusi haukuja. Vishimo vimeenda robo hivi.

Salma Tudor
Sindano bora. Au olewa na kipofu.

Mwana Baghani
Leza bora, tafuta daktari. Jina lake litafute kwenye orodha ya baraza la madaktari, si kwenye bango.

Nesi Mstaafu
Na kaskazi usiguse uso. Hata kusi yenye mawingu si salama, sanskrini, mafuta ya kukinga jua, ya SPF 30 kwenda juu asubuhi na tena mchana, na kofia. Dukani kwako jua laingia?

Binti Mtongwe
Mlango wa duka watazama magharibi. Kuanzia saa tisa ni tanuri.

Nyota ya Kisauni
Basi hapo ndipo patakapokumaliza, si leza. Mimi weusi ulichukua miezi 9 na daktari wa kweli. Vishimo vimepungua kidogo, nisiseme uongo. Na mdogo wangu tumepatana, sasa ana mtoto, anafanana nami.

Kahawa Chungu
Na kifumbu na chekeche vyote!

Nyota ya Kisauni
Koma.

Binti Mtongwe
Nimepiga tena simu Nyali. Nimeuliza kama watanijaribu chini ya taya kwanza, msichana akasema hawana huo utaratibu. Nikauliza ni leza ya aina gani. Akasema, "Ya kisasa, dada. Inafanya ngozi zote."

Nyota ya Kisauni
Ni hayo hayo niliyoambiwa mimi, neno kwa neno.