Kobe wetu wa kilo 40 na baridi hii

Salaam ndugu zangu,

Tunafuga kobe aina ya sulcata, ana kilo 40 hivi. Baridi imeingia. Mume wangu anasema tumwache ajichimbie shimo alale mpaka joto lirudi. Roho yangu inakataa. Juzi usiku tulimkuta kwenye nyasi zilizolowa, hajasogea tangu jioni. Mwenye uzoefu anisaidie.

JIBU

Dada, roho yako imekuambia kweli. Wanaolala msimu mzima wa baridi ni kobe wa Mediterania, kama Testudo hermanni. Sulcata asili yake ni Saheli, ukanda wa joto kusini mwa Sahara, usingizi huo haujui. Akilala kwenye shimo la baridi, huenda asiamke.

Wala usitegemee arudi bandani mwenyewe. Baridi ikimkuta nje, mwili unazizima, anabaki papo hapo. Mfungie jua likiwa bado lipo, kama unavyofungia kuku.

Banda liwe dogo, kiasi cha yeye kugeuka, maana chumba kikubwa hakishiki joto. Weka povu gumu (foam) la kuzuia baridi kwenye kuta, dari na sakafu. Sakafu ndiyo watu huisahau, na tumbo lake ndilo linalolala hapo. Povu lifunike kwa plaiwudi, la sivyo atalitafuna. Usiku tafuta nyuzi 26 hivi, na kipimajoto kikae kimo cha gamba lake. Mwaka wa kwanza nilikitundika usawa wa macho yangu, kikawa kinasoma 27. Siku niliyoinama kupima chini nikakuta 17. Nilijilaumu sana.

Taa ya joto ya kuning'iniza iogope. Mgongo wa kobe mkubwa uko karibu na taa, kwa hiyo gamba linaungua juu huku miguu ingali baridi, na gamba ni mfupa ulio hai. Isitoshe, taa ikidondokea majani makavu banda lote linateketea. Mimi natumia hita ya umeme, ile yenye mafuta ndani, na ina thamostati ya kuiwasha na kuizima kufuata joto, nimeizungushia kizuizi cha mbao nzito kwa sababu huyu bwana husukuma kila kitu. King'ora cha moshi pia kipo.

JIBU

Naongezea kwa mwenzangu. Kibaya zaidi ni baridi pamoja na unyevu. Ukiona mapovu puani, anapumua mdomo wazi au ananyoosha shingo kutafuta hewa, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo. Kobe hana kiwambo cha kusukuma kikohozi kama sisi, makohozi yanabaki mapafuni.

Chakula mpe akiwa ameshapata joto, kwani tumbo lililopoa halisagi. Na jua la kupitia dirishani lisikudanganye: kioo huzuia miale ya UVB, bila hiyo hapati vitamini D3 na mifupa inalegea. Akishinda ndani, mfungie taa ya UVB.

JIBU

Asanteni sana. Mume wangu yuko nje anapima mbao, hana maneno. Swali moja: huyu anabomoa milango. Tufanyeje?

JIBU

Mlango ufungukie ndani. Akisukuma anaufunga mwenyewe.

JIBU

Kaka, na akilala nyuma yake asubuhi utaingilia wapi? Mimi yalinikuta, nikang'oa bawaba kwenye baridi kali. Dada, weka wa kuinua juu.