«Forêt» ni «forest»: naweza kutegemea kofia ya Kifaransa?

Mwanafunzi wa Katuba
Jambo bandugu. Najifunza Kiingereza kwa ajili ya biashara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, Kifaransa ninakijua. Naona «forêt» ni «forest», «hôpital» ni «hospital». Je, kila penye kofia, ile alama ^ juu ya vokali, nirudishe «s»? Na mbona «chief» ina «ch» ya chai, lakini «machine» inasomwa kwa «sh»?

Mwalimu wa Kamalondo
Mara nyingi ndiyo. Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliosema Kifaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066, na maneno yao mengi yakaingia huku «s» hiyo ikiwa bado inatamkwa. Baadaye Wafaransa waliacha kuitamka ila wakaendelea kuiandika, mpaka kamusi ya Akademia yao ya mwaka 1740 ilipoifuta na kuweka kofia. Ndiyo maana «bête» ni «beast», «côte» ni «coast». Tazama pia «é» ya mwanzo: «épice» ni «spice», «étrange» ni «strange».

Kuhusu «ch»: Wafaransa wa zamani waliitamka kama ya chai, ikageuka «sh» kwenye karne ya 13. Neno lililoingia mapema lilibaki na sauti ya zamani: «chief», «chair», «change». Lililochelewa lina «sh»: «machine», «champagne». «Chief» na «chef» ni neno moja lililokopwa mara mbili.

Msomaji wa Ruashi
Mwalimu, hapo kuna mtego. «S» inarudi mbele ya «t», «p» au «k». Mbele ya «l», «m» na «n» ilikuwa imeshakufa mdomoni mwa Wanormandi, kwa hiyo «blâmer» ilizaa «blame», na «dîner» ilizaa «dine». Na kofia nyingine hazihusiani na «s» kabisa: «âge» na «sûr» zilipoteza vokali. «Island» ndiyo mbaya kuliko zote. Ni neno la Kiingereza asilia, halikuwa na «s». Waandishi waliichomeka kwa kuiga «isle».

Mwanafunzi wa Katuba
Basi «tempête» iwe «tempest», na «mâle» ibaki «male»?

Msomaji wa Ruashi
Sawasawa, zote mbili.

Mama wa Kampemba
Ongezeni «leta» yetu ya Kiswahili cha Kongo, yaani dola. Ni «l'État», «l» ya Kifaransa imegandia humo, kama kwenye «lopitalo», yaani hospitali. Kumbe «leta» na «state» ni ndugu wa damu, wote wa «status» ya Kilatini. Waingereza nao waligandisha hivyohivyo: «alligator» ni «el lagarto» ya Kihispania, yaani mjusi. Kwa «apron» wakafanya kinyume. Ilikuwa «napron», masikio yakakata «a napron» pasipo pake, «n» ikahamia kwa jirani: «an apron».