Mshahara ghafi 1,200,000, PAYE 188,000: hesabu hii iko sawa?

Mpanga Bajeti
Wakuu, habari za leo. Naomba ufafanuzi wa makato, sekta binafsi, Tanzania Bara. Mshahara ghafi ni 1,200,000. Slipu inaonyesha NSSF (mfuko wa pensheni) 120,000 na PAYE (kodi ya mshahara) 188,000, mkononi zinaingia 892,000. Hesabu iko sawa? Ile asilimia 10 ya mwajiri mbona haionekani? Na fedha zikifika NSSF, zinakaa kwa jina la mwanachama kama akiba ya benki?

Hesabu Kamili
Mkuu, NSSF iko sawa, PAYE imekosewa. Mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa pensheni hutolewa kwanza, kodi inafuata kwa kinachobaki. Aliyeandaa slipu hiyo amekokotoa kodi kwa 1,200,000 nzima.

Inavyotakiwa: 1,200,000 toa 120,000, inabaki 1,080,000. Kwa mwezi, 270,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25. Ukijumlisha madaraja hayo unapata 128,000. Zile 80,000 zilizovuka milioni zinakatwa asilimia 30, yaani 24,000. PAYE ni 152,000, na mkononi ziingie 928,000. Unapunjwa 36,000 kila mwezi, sawa na 432,000 kwa mwaka. Si fedha ya kuachia.

Wengi hulalamika kwamba NSSF "inakula" asilimia 10 ya mshahara. Kwa mshahara huu, bila NSSF ungepokea 1,012,000. Ukiwa nayo unapokea 928,000. Kwa hiyo mchango wa 120,000 unakupunguzia 84,000 tu mkononi, kwa sababu kodi nayo imeshuka.

Kazi na Haki
Niongezee upande wa mwajiri. Sheria inadai asilimia 20 ya mshahara ghafi iende NSSF, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Inayobaki anatoa yeye, juu ya mshahara wako, ndiyo maana slipu nyingi haziionyeshi. (Watumishi wa umma wako PSSSF, mfuko wao wa pensheni: wao asilimia 5, mwajiri 15, na hukokotolewa kwa mshahara wa msingi.)

Mwajiri analipa pia asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na akiwa na wafanyakazi 10 au zaidi, tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, asilimia 3.5. Kwa hiyo wewe unamgharimu 1,368,000: 1,200,000 + 120,000 + 6,000 + 42,000. Anapopanga mshahara wa kukupa, anaiangalia hiyo jumla. Lakini ukiona SDL au fidia imekatwa kwenye slipu yako, hiyo ni mizigo yake ametupia kwako. Kataa kwa maandishi.

Pensheni Kwanza
Swali la mwisho. Si akiba ya benki. Michango yote huingia kwenye chungu kimoja, wastaafu wa sasa hulipwa humo, na ziada huwekezwa, kwa mfano kwenye hati fungani za serikali. Pensheni yako haitokani na salio, inatokana na kanuni: idadi ya miezi uliyochangia, mara wastani wa mshahara wa mwaka (miaka mitatu bora katika kumi ya mwisho), gawa kwa 580. Miezi 240 kwa wastani wa 14,400,000 inaleta kama 5,958,600 kwa mwaka. Sehemu hugeuzwa kuwa mkupuo, yaani fedha za mara moja, nyingine hulipwa kila mwezi. Kiwango cha mkupuo kimebadilika zaidi ya mara moja tangu 2018, kwa hiyo usipigie hesabu kikokotoo cha zamani.

Panapoumiza watu ni miezi. Pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180. Ukiwa na 177 huipati, hata kama ile mitatu ulikatwa na mwajiri hakuipeleka. Slipu inathibitisha kukatwa, haithibitishi kufika. Omba taarifa ya michango NSSF angalau kila baada ya miezi mitatu, uilinganishe na slipu mwezi kwa mwezi. Angalia pia kama jina linafanana na la NIDA, na kama huna namba mbili za uanachama kwa waajiri wawili. Zikiwa mbili, omba ziunganishwe sasa, usingoje kustaafu.

Mpanga Bajeti
Asanteni sana wakuu. Na PAYE ya miezi iliyopita?

Hesabu Kamili
Mwajiri ndiye aliyewasilisha ritani (taarifa ya kodi) TRA, kwa hiyo ndiye wa kuirekebisha. Mwandikie barua, ambatisha slipu za miezi yote iliyokosewa, na kwa kila mwezi onyesha hesabu mbili: aliyoifanya na inayotakiwa. Ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.