Kilatini cha seminari kinatosha kwenda kusomea uzamili Italia?

Habari wakuu. Nilisoma Kilatini seminari miaka sita, sasa nataka kuomba uzamili wa fasihi ya Kilatini cha zama za kati na cha wanahumanisti (wasomi wa Renaissance waliofufua maandishi ya kale), Italia.

Cicero, yule mwandishi wa Roma ya kale, namsoma, kamusi ikiwa pembeni. Ila juzi nimefungua picha ya mswada wa karne ya 12, nikakwama mstari wa kwanza: "mihi" imeandikwa "michi", "ae" imebaki "e" tupu, na "p" yenye kistari kinachokatiza mkia wake kumbe ni "per"! Petrarca, mshairi wa Italia aliyezikuta barua za Cicero Verona mwaka 1345, nimemvulia kofia.

Mliopitia huko, nianze na paleografia (elimu ya kusoma miandiko ya zamani) au Kiitaliano? Na zaidi ya kufundisha, kazi zipo? Mama anauliza kila siku.