Mzee amefariki bila mke wala mtoto: je, shamba ni la serikali?

Mkulima wa Nyeri
Waungwana, naomba mwongozo. Jirani yetu mzee alifariki mwezi uliopita bila mke wala mtoto, na wazazi wake walikwisha kutangulia. Ameacha ekari mbili zenye hatimiliki, akiba kidogo benki, na ng'ombe mmoja ambaye kwa sasa namkamua mimi. Vijana wameanza kukata mikaratusi yake wakidai kwamba mali isiyo na mrithi ni ya serikali, yaani ya kila mtu. Sheria ya Kenya inasemaje?

Karani Mstaafu
Ndugu Mkulima, serikali husimama mwisho kabisa wa foleni. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, huanza na wazazi, kisha ndugu wa marehemu pamoja na watoto wa ndugu waliokwisha kufa, kisha ndugu waliochangia naye mzazi mmoja tu, halafu jamaa wa damu hadi daraja la sita, ambalo humfikia hata mtu mnayekutana naye kwa baba wa babu. Hao wote wakikosekana ndipo mali huenda kwa dola. Ama hao vijana, kifungu cha 45 hufanya kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria kuwa kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hata maziwa hayo, yaandike daftarini.

Wakili wa Pwani
Niongeze kuhusu ardhi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, husema kwamba ardhi ambayo mrithi wake hawezi kutambuliwa kwa njia yoyote ya kisheria ni ardhi ya umma. Hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi wake na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Fedha za benki zilizokaa miaka 5 bila kuguswa huhamishiwa mamlaka inayotunza mali za kifedha zisizodaiwa, na mrithi akijitokeza baadaye huweza kuzidai. Kama mzee alikuwa Mwislamu, mirathi yake hufuata sheria ya Kiislamu, si mpangilio huu.

Mkulima wa Nyeri
Alikuwa Mkristo. Chifu ameniambia kwamba marehemu dada yake aliacha binti, ambaye ameolewa Nakuru. Je, anahesabika?

Karani Mstaafu
Anahesabika, na kuolewa hakumwondolei haki. Mpelekeeni habari aombe usimamizi wa mirathi mahakamani, miti ikiwa ingali imesimama.