Kupokonywa kipaza sauti kwa kuitaja Misri: hili halivumiliki

Wakuu, nimetoka kwenye semina sasa hivi na mikono bado inatetemeka kwa hasira. Yule mheshimiwa, ambaye nyote mnamjua, amenipokonya kipaza sauti mbele ya ukumbi mzima, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, kwa sababu tu nilitaja Misri na Mithali kwa pumzi moja.

Nilikuwa nasoma Mithali 23:5, pale mali inapoota mabawa na kuruka kama tai, nikaeleza kwamba Mafundisho ya Amenemope, maandishi ya hekima ya Misri ya kale yaliyo katika mafunjo ya British Museum na kuchapishwa na Wallis Budge mwaka 1923, yanasema mali ya dhuluma huota mabawa kama ya bata bukini ikarukia mbinguni. Mwaka 1924 Adolf Erman, mtaalamu wa Misri ya kale, alionyesha ulinganifu huo kuanzia Mithali 22:17: usimwibie maskini, usisogeze mpaka wa shamba, usifuatane na mtu wa hasira. Nilipomfikia huyo mtu wa hasira, ndipo mkono wa mheshimiwa ulipotua juu ya kipaza sauti! Akatangaza kwamba Biblia haikuazima lolote kwa wapagani, kwa sauti ambayo hata Farao kaburini ameisikia. Mbona 1 Wafalme 4:30 inaipima hekima ya Sulemani kwa hekima ya Misri? Alinipokonya, wakuu, sentensi ikiwa bado mdomoni!

Mchangiaji wa 1: Pole, lakini uliyataka mwenyewe. Ungeanza na Zaburi 104 na utenzi wa Aten, mungu jua wa Misri, ulio katika kaburi la Ay, ofisa wa Farao, kule Amarna, Misri, angekupokonya hata kiti.

Mchangiaji wa 2: Zaburi 104 mnaitia chumvi, kwani kufanana si kunakili. Kinachonikera mimi ni watu kuunyamazia muhuri wa Hezekia, mfalme wa Yuda, uliotangazwa Yerusalemu mwaka 2015: kipande cha udongo cha takriban sentimita moja, chenye jina la mfalme, jua lenye mabawa, na ankh, alama ya Kimisri ya uhai, kila upande.

Mleta uzi: Nakubali, ila kipaza sauti changu je?

Mchangiaji wa 3: Hezekia huyohuyo ndiye aliyemvunjavunja nyoka wa shaba katika 2 Wafalme 18:4, na jua lenye mabawa lilichorwa hata Ashuru, kwa hiyo msiipe Misri kila kitu.

Mchangiaji wa 2: Na hizo ankh mbili nazo zilitoka Ashuru? Fungua uzi wako, tukutane huko.